Kumsindikiza Aliyepigwa Kalamu

Vijana wangu wa ofisi ya wafanyakazi, juzi mliniandikia mkiuliza namna ya kumwachisha mtu kazi bila kelele na bila kesi. Mmoja wenu akaongeza kwamba siku hizi kuna kampuni zinamfuta mtu kwa WhatsApp, anausoma ujumbe akiwa kwenye foleni ya maji, na shughuli imekwisha. Nilicheka, ingawa najua ni kweli. Sasa nimestaafu, nina muda mwingi na magoti mabovu, kwa hivyo nitawajibu kwa kirefu. Mtanivumilia. Aliyenyamaza kazini miaka yote akipewa nafasi ya kusema, hajui breki ziko wapi.

Niliingia kiwandani kwetu, kiwanda cha bidhaa za ngozi hapa Nairobi, nikiwa karani, nimevaa shati la kaka yangu lililonipwaya mabegani. Nilidhani kazi yenyewe ni kupanga faili za likizo na kujaza fomu za wagonjwa. Aliyenipokea ni Bi Zuhura, mkuu wa ofisi, mwenyeji wa mtaa wa Majengo ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alikuwa mfupi, buibui lake limepigwa pasi kama sare ya afisa, na alikuwa na macho ya kumpima mtu mpaka soksi. Nyote mnaoingia ofisini humo leo mnakalia kazi aliyoianza yeye.

"Kioko mwanangu," akaniuliza, "unajua kunyamaza?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, najua sana, hata nyumbani kwetu nilisifiwa kwa hilo, na shuleni vilevile, na mwalimu mmoja aliwahi kusema kwamba... Akainua mkono. "Basi. Mtihani wa kwanza umeanguka."

Siku hiyohiyo nikaona mtu akipigwa kalamu. Alikuwa kijana wa kufunga maboksi, aliyekuja kazini amelewa mara nyingi kuliko alivyokuja mzima. Nilitarajia ugomvi. Bi Zuhura alimkaribisha, akamkalisha kiti kilicho sambamba na chake bila meza katikati, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake ya bluu. Alimsubiri anywe. Kisha akamwambia, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia: "Mwanangu, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa. Mimi na meneja tumeamua, na hatutabadili. Sasa niulize lolote." Kijana yule aliuliza maswali mawili, akalia kidogo, akauliza la tatu. Bi Zuhura alijibu yote. Nilikuwa nimekaa kwenye pembe na kalamu mkononi, na sikuwa nimeandika hata herufi moja. Sikuwahi kuona mtu akiambiwa jambo baya namna ile na bado akabaki mtu.

Baadaye alinieleza kanuni zake, moja leo na nyingine wiki ijayo, jinsi zilivyomjia. Usimzungushe mtu, maana akiuona uso wako tayari ameanza kuteseka. Usiseme "kampuni imeamua", kampuni haina mdomo. Sema nani ameamua. Usimfute mtu Ijumaa, kwa sababu atakaa nyumbani siku mbili na maswali yake na hakuna ofisi iliyo wazi ya kumjibu. Usimkalishe kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, akitetemeka kitatembea naye. Usimwambie kwamba unaelewa anavyojisikia, huelewi, wewe bado una kazi. Na maneno yako yachague kabla hajaingia, kwani heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Lakini kanuni aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa ya mwisho. Desturi ya kiwanda ilikuwa kwamba aliyefutwa hutolewa na askari kwa geti dogo la nyuma, vitu vyake ndani ya gunia. Bi Zuhura hakuikubali. Kila aliyemwachisha kazi alimsindikiza mwenyewe, kwa geti kubwa, mpaka steji ya Jogoo Road, akasimama naye hadi apate gari. "Mwizi hupelekwa na askari," alisema. "Mgeni husindikizwa na mwenyeji. Huyu aliingia kwetu kwa hodi." Meneja wetu aliona ni kupoteza muda wa ofisi. Bi Zuhura alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akaendelea kusindikiza.

Sasa niwachekeshe kidogo. Ile chai ilituponza. Watu si wajinga. Waliona kwamba wanaoitwa ofisini wakapewa chai hawarudi. Siku moja tulimwita Mama Nduku, mshonaji hodari kutoka mtaa wa Jericho, tumpe habari njema kwamba amechaguliwa kufundisha wafanyakazi wapya. Aliingia, akaona kikombe, akaanza kulia kabla hajaketi. "Boss, si mniambie tu. Nimewakosea nini?" Tulipomweleza alilia zaidi, kwa hasira. Tangu hapo "kunywa chai" kukawa ndilo neno la kiwanda la kumwaga unga. Ungesikia vijana kwenye foleni ya kuingia: "Niaje, Otis yuko wapi?" "Otis alikunywa chai jana, buda." Nilimsihi Bi Zuhura aache. Yeye akaamua kumpa chai kila anayeingia, hata aliyekuja kuomba siku moja ya ruhusa. Haikusaidia chochote. Watu walianza kuomba ruhusa wakiwa wamesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Bi Zuhura alipostaafu aliniachia kiti, chupa ya bluu na hofu ya kuharibu alichokianza. Hofu hiyo niliibeba muda mrefu bila kujaribiwa sana, mpaka likaja jambo la Fundi Juma.

Fundi Juma alikuwa mkataji mkuu wa ngozi, naye pia mtu wa Majengo, mwenyekiti wa chama cha mazishi mtaani kwake. Akipita ukumbini vijana walipunguza sauti. Binti yake Halima alishona kwenye ukumbi wa pili, msichana mkimya aliyefunga leso kiunoni juu ya aproni na kumaliza kazi yake kabla ya wengine. Jioni moja, wafanyakazi wakitoka, askari mgeni kazini aitwaye Mutiso alipekua mikoba kama alivyoagizwa. Ndani ya mkoba wa Fundi Juma, chini ya bakuli la chakula, akakuta vipande vya ngozi bora kabisa, vimekunjwa vizuri.

Fundi Juma hakutikisika. Alisema mbele ya watu wote kwamba mikoba ya wafanyakazi hushinda kwenye kibanda cha askari, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akasema kwamba wiki hiyo alimkemea Mutiso hadharani kwa kuchelewa kufungua geti, nalo lilikuwa kweli. Basi, akasema, hesabu ni rahisi, aliyeweka ngozi ni askari mwenyewe.

Mnaona tulipofika. Mmoja wa wawili hawa alikuwa mwongo, na mmoja angekwenda. Ukumbi wa wakataji ulituma neno kwamba Fundi akiguswa, visu vinawekwa chini. Meneja hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Askari ni wengi," aliniambia, "mkataji kama yule simpati. Malizana na huyo Mutiso." Na kulikuwa na lingine ambalo hakuna aliyelisema usoni mwangu: Mutiso ni Mkamba, mimi ni Mkamba. Kumbini watu walinong'ona kwamba Kioko atamlinda ndugu yake.

Mutiso alikuja ofisini akaanza kunieleza kwa Kikamba. Nilimjibu kwa Kiswahili, mlango ukiwa wazi, ili kila anayepita asikie. Alielewa, akabadilisha lugha.

"Mzee, mimi nimetoka Kitui na jina tu," alisema. "Sina cheti, sina mtu. Nikitolewa hapa naitwa askari wa kuwekea watu vitu, hakuna geti lingine litanichukua Nairobi hii."

Niliamini kwamba anasema kweli, lakini kuamini si ushahidi, na mimi ndiye niliyepaswa kuendesha kikao.

Sheria, kama mnavyojua, inataka mtu aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa na asikilizwe kabla ya kufutwa, tena anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake. Wote tulijua Fundi Juma atakuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, bwana mmoja mwenye mdomo wa kubandua rangi ukutani. Fundi akaja na Halima. Nadhani alipiga hesabu kwamba hakuna mtu mwenye haya atakayemwita mwizi mbele ya bintiye. Ilikuwa hesabu nzuri, maana hata mimi nilimwona yule msichana nikatamani kikao kiahirishwe.

Tulikaa wanne, mimi, meneja, Fundi na Halima. Mutiso alisubiri nje kwenye benchi, mlango mmoja tu kutoka kwetu. Nilimimina chai kama nilivyofundishwa. Fundi akakisukuma kikombe pembeni. "Chai yenu naijua, Bwana Kioko. Sinywi."

Alijitetea kwa Kiswahili kizuri mno, kimepangika, hakina doa. Nilimuuliza nilichoweza kuuliza. Nilinyamaza pale ambapo Bi Zuhura angenyamaza, nikitumaini ukimya utanisaidia, lakini Fundi Juma alijua kunyamaza kuliko sisi wote. Meneja akaanza kutazama saa. Nilijua kwamba tukitoka pale bila jibu, Mutiso angefukuzwa kabla ya jua kuzama. Kwa utaratibu tu, nikamgeukia Halima nikamuuliza kama ana la kusema kwa niaba ya mwenzake.

"Naweza kumuuliza yeye swali?" akasema.

Nikamruhusu. Akageuza kiti chake amtazame baba yake.

"Baba, nimekuja kusimama na wewe, na nitasimama na wewe mpaka mwisho. Lakini nataka kujua nasimama wapi. Zile ngozi ulizitia wewe?"

Hakupaza sauti, wala haikuwa sauti ya kushtaki. Aliuliza kama anavyouliza mtoto kama chakula kiko tayari. Mashine za kushona zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta. Fundi Juma akavua kofia yake, akaiweka gotini, akailainisha kwa kiganja kama anavyolainisha ngozi kabla ya kuikata.

"Nilizitia mimi," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Yule kijana nje hana kosa."

Vijana wangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nimeshuhudia mambo. Sijaona jambo kama lile. Mtu yule alikuwa ameshashinda. Ukumbi mzima ulikuwa nyuma yake, meneja alikuwa upande wake, na uongo wake ulikuwa mzuri kuliko ukweli wa Mutiso. Alichohitaji ni neno moja, "hapana", naye angerudi mezani kwake mchana uleule. Na alilikataa neno hilo kwa sababu mwanawe alimuuliza akimtazama. Hata leo nikikumbuka hunyamaza kwanza, na mnajua sasa kwamba kunyamaza si kipaji changu.

Halima hakulia. Alichukua kile kikombe kilichosukumwa, chai imepoa, akampa baba yake kwa mkono wa kulia. "Kunywa, Baba. Sasa tunaweza kuinywa." Fundi akainywa yote.

Meneja alipoupata ulimi wake tena alitaka mambo mawili kwa mpigo, polisi na geti la nyuma. Hapo ndipo Halima aliponifundisha somo la pili siku ileile. Alisema, "Kazi imeondoka, hiyo sitaiomba. Naomba Baba awaambie watu mwenyewe, asisemewe. Na atoke kwa geti kubwa." Halafu akafunga mdomo. Hakuomba huruma, hakutaja mama yake wala wadogo zake. Aliomba mambo ambayo tulikuwa na uwezo wa kuyatoa, akayaacha mezani.

Nilimwomba meneja tutoke kidogo kwenye korido. Hapo ndipo mtumie masikio yenu, maana hiki ndicho mlichoniuliza. Katika mazungumzo kama haya, usimuulize mtu anataka nini, chunguza anaogopa kupoteza nini. Meneja aliogopa wakataji kuweka visu chini. Fundi aliogopa jina lake. Nikamwambia meneja: wewe ukiutangazia ukumbi kwamba Fundi ni mwizi, hawatakuamini, watagoma. Yeye akisema mwenyewe, watamgomea nani? Alipangusa miwani, akasema, "Basi polisi tuwaache. Msindikize, wewe na huyo shetani wa adabu uliyeachiwa na Zuhura." Nilichukua hiyo kuwa ndiyo.

Fundi Juma alipotoka, kwanza alisimama mbele ya benchi. Mutiso akainuka wima kama amesikia filimbi.

"Kijana, nilikutia kwenye tope nikijua. Nisamehe."

"Yameisha, mzee," Mutiso akasema. Akarudia, "Yameisha."

Ukumbini Fundi hakusema mengi. Alisema ngozi alizichukua yeye, askari alifanya kazi yake, na kwamba asiyetaka kumuaga hatamlaumu. Wakaja kumuaga mmoja mmoja, visu vikiwa mifukoni mwa aproni. Halima alitaka kutoka naye. Baba yake akamwambia, "Rudi kazini, mama," naye akarudi, akaketi kwenye mashine yake, akashona. Wenzake wanasema mshono wa mchana ule haukupinda.

Nilimsindikiza mimi. Tulitoka kwa geti kubwa, tukatembea bila neno mpaka Jogoo Road. Pale steji, roho ikiniuma, nilijaribu kumfariji. "Fundi," nikaanza, "wahenga walisema kuvunjika kwa koleo..."

"Methali baadaye, Kioko," akasema. "Leo tusimame tu."

Tukasimama mpaka akapata gari.

Koleo lilivunjika na uhunzi haukuisha, lakini hilo aliligundua mwenyewe bila msaada wangu. Alipata kibanda Kariokor akawa anashona makubadhi. Nilikaa muda kabla ya kwenda, sikujua kama nitapokelewa. Nilipofika alinipima mguu, akanichagulia ngozi, akainua kipande kwenye mwanga. "Hii usiogope," akasema. "Hii nimeinunua." Nilimcheka, akanicheka, na makubadhi yale ninayo mpaka leo.

Mwaka huohuo nafasi ya karani ilipotokea ofisini kwangu, nilimwambia meneja namtaka Halima. Aliniuliza kama nimesahau ni binti wa nani. Nikamwambia sijasahau, na kwamba katika chumba kile tulikuwa wakubwa wawili wenye vyeo, na ukweli ulitolewa na yeye, kwa swali moja, bila kumvunja mtu. Alisoma masomo ya jioni, akapanda polepole. Ndiye Bi Halima wenu huyo, mnayemwogopa akiwatazama juu ya miwani. Sasa mnajua mlichokuwa mnaogopa.

Siku yangu ya mwisho aliniita. Ofisi ilikuwa yangu, sasa ni yake, na nilibisha hodi kama mgeni. Kiti alikiweka sambamba na chake. Juu ya kijimeza kulikuwa na kikombe, na ile chupa ya bluu iliyochubuka rangi. Nilikuwa nimewamiminia watu chai ile wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na sikuwahi kukaa upande huu. Nilijua ninastaafu, karamu ilikuwa imeshapangwa, keki imeshaagizwa. Hata hivyo, nilipokiona kile kikombe nilielewa kwa nini Mama Nduku alilia.

"Kunywa kwanza, mzee," Halima akasema. Nikanywa. Ndipo akasema, bila kuzunguka, "Leo ndiyo siku yako ya mwisho. Asante. Sasa niulize lolote."

Nilimaliza chai, nikainuka.

Alinisindikiza mpaka getini, amenishika mkono. Mutiso, ambaye sasa ndiye mkubwa wa maaskari, alifungua geti kubwa pande zote mbili, kama linavyofunguliwa kwa lori, akapiga saluti ambayo sijui alijifunzia wapi. Nje, kando ya barabara, alisimama mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia, amekonda, mkono mmoja kwenye bakora. Halima akaniachilia mkono.

"Nimekuja kukusindikiza," akasema Fundi Juma.

Tulitembea taratibu, yeye na bakora yake, mimi na magoti yangu. Tulifika steji. Nilitaka nimwambie kwamba siku ile ofisini sijawahi kuisahau, kwamba nimetumikia watu wengi na sijamwona mkubwa kumshinda. Nikaanza, "Fundi, wahenga walisema..."

Akanishika bega.

"Methali baadaye, Kioko," akasema. "Leo tusimame tu."